Ketcha kalegezwa jino pale homu, kosa la nani? Wajuzi wa softiboli njooni mniamue

Mwalimu Vumbi

Wakuu mbukwenyi, habari za Jumapili. Naleta hili hapa maana kwenye grupu letu la walimu wa michezo limeshageuka ugomvi, mwenzangu mmoja katoka kwenye grupu kabisa na mwingine kaweka stetasi ya mafumbo.

Nafundisha timu ya wasichana ya softiboli hapa Dodoma, shule ipo upande wa Makulu, jina msinidai. Jana tulicheza kirafiki na shule nyingine, inningi ya sita (yaani zamu ya sita ya kupiga), nne kwa nne, mkimbiaji wangu yuko beisi ya tatu. Mpigaji wetu akachapa mpira wa chini kwenda kulia, fastibesi wao, yule mlinzi wa beisi ya kwanza, akauokota akarusha homu, pale mkimbiaji anapomalizia kupata mkimbio. Sasa ketcha wao, yaani mdakaji wa pale homu, alikuwa kasimama katikati ya njia, kaitanua miguu, anausubiri mpira ufike. Binti yangu naye anakuja na mwendo wake wote. Puu! Wote chini, vumbi likapanda mpaka hatuoni kitu, kushuka tunakuta ketcha kashika mdomo damu inatoka na mpira unabingirika peke yake kuelekea kwenye mwarobaini.

Ampaya (mwamuzi), ambaye ni mwalimu mwenzetu ila kazi yake hasa ni urefa wa mpira wa miguu, akasema autu, yaani mkimbio haupo, halafu akamtoa binti yangu nje ya mchezo. Hoja yake ni kwamba aliyeumia ndiye aliyefanyiwa fauli. Hoja yangu mimi ni kwamba njia ya mkimbiaji ni ya mkimbiaji, ukisimama njiani ukigongwa umejitakia. Tumebishana karibu saa nzima jua la saa nane linatuchoma, watoto wenyewe wako chini ya mti wanakula karanga, yule ketcha na binti yangu wanagawana maji chupa moja. Sisi watu wazima ndo tunatoleana macho.

Naomba wanaojua sheria yenyewe inasemaje. Sitaki za kuhisi.

Zabibu Chungu

Nimesoma mpaka mwisho nilichoelewa ni karanga tu. Hivi softiboli si ndo ule mchezo wa kupiga mpira na mwiko? Dodoma tunahangaika na mpira wa kawaida pale Jamhuri hata hatujamaliza, nyie mmeshahamia kwa Wamarekani.

Ila kesi yako ni nyepesi, ukimvaa kipa akiwa kwenye eneo lake ni fauli. Kamuombe radhi mwenzio.

Ampaya wa Jioni

Zabibu Chungu kipa hahusiki hapa, kaa pembeni kwanza.

Mwalimu Vumbi, umeeleza vizuri vumbi na mwarobaini lakini umeruka kitu kimoja ambacho bila hicho hakuna atakayekuamua. Wakati wanagongana MPIRA ULIKUWA WAPI? Ulikuwa ndani ya glovu yake, ulikuwa hewani, au ulikuwa umeshampita? Maana softiboli haiangalii nani kaumia, inaangalia mpira uko wapi, basi. Njia siyo ya mkimbiaji muda wote kama unavyodhani wewe na siyo ya mdakaji muda wote kama anavyodhani refa wako, inabadilisha mwenyewe kila sekunde kufuatana na mpira.

Iko hivi. Kama mpira umetoka kwenye gongo na mlinzi anakwenda kuudaka au kuuokota, njia ni yake, mkimbiaji atafute pa kupita. Kama mlinzi ameshaushika mpira mkononi, anaruhusiwa kusimama popote hata katikati ya njia, na mkimbiaji akibaki wima akamvaa ni autu. Lakini kama mlinzi hana mpira na wala hashughuliki na mpira uliopigwa, yuko tu anasubiri urushwe umfikie, hapo hana haki ya kukaa njiani. Akimzuia mkimbiaji kosa ni lake, na hata wasigusane. Mkimbiaji akipunguza mwendo tu au akazunguka kwa sababu yake, kosa limeshatimia.

Kwa hiyo kama ulivyoeleza "anausubiri mpira" ndo ukweli wenyewe, basi refa wenu alikosea, ilikuwa ni kuzuia na ule ulikuwa mkimbio halali, tano kwa nne. Ila kama mpira ulishaingia kwenye glovu hata kwa nusu sekunde kabla, hadithi inageuka yote. Rudi na jibu.

Boom Halijatoka

Ampaya wa Jioni umeongea. Mi niko UDOM hapa nafuatilia sana besiboli ya Marekani usiku maana saa zao na zetu ni mateso matupu. Kule walikuwa wanaruhusu kabisa kumvaa ketcha, ilikuwa sehemu ya mchezo na watu wanashangilia. Mwaka 1970 kwenye mechi ya nyota kule Cincinnati, Pete Rose alimvaa Ray Fosse pale homu inningi ya 12 akafunga mkimbio wa ushindi, Fosse bega likaumia na watu wanasema hakurudi tena kama zamani. Ikapita hivyohivyo.

Mpaka tarehe 25 Mei 2011, Buster Posey ketcha wa San Francisco Giants alivaliwa na Scott Cousins wa Florida Marlins, mguu ukavunjika na kano za kifundo zikachanika, msimu ukaishia hapo. Ndo wakaanza kuumiza vichwa, na mwaka 2014 ikaingia sheria kwamba mkimbiaji haruhusiwi kuacha njia yake kwenda kumtafuta ketcha, na ketcha haruhusiwi kuziba njia kama hana mpira. Yaani miaka arobaini na kitu tangu ya Fosse, na mpaka aumie staa.

Softiboli walikuwa na sheria ya kutomvaa mwenye mpira siku nyingi kabla ya hao wakubwa.

Zabibu Chungu

Kwa hiyo Wamarekani nao walisubiri mpaka aumie mtu mwenye jina. Kama sisi na matuta ya barabarani tu.

Mzee wa Kipilefti

Wanangu, mimi nimeendesha magari miaka thelathini na mbili, Dodoma hadi Singida hadi Nzega, sasa nimepumzika. Huo mchezo siujui lakini maelezo ya huyu ampaya nimeyaelewa vizuri sana kwa sababu ni kipilefti hicho. Kwenye kipilefti hakuna mwenye barabara yake. Aliyeko ndani ana haki, anayeingia asubiri, na akishatoka haki yake imekwisha, sasa yeye ndiye wa kusubiri kipilefti kinachofuata. Kinachoua watu ni yule anayesema "barabara ni yangu" akiwa bado hajaingia.

Swali langu moja. Hao watoto waliambiwa haya kabla ya kuingia uwanjani au wameambiwa baada ya jino?

Mwalimu Vumbi

Shikamoo mzee. Swali lako limenichoma kidogo, nitalijibu.

Ampaya wa Jioni, kwa kweli mpira sikuuona. Nilikuwa nimesimama beisi ya tatu kama kocha wa wakimbiaji napiga kelele "kimbia kimbia". Ila kuna kidato cha tatu mmoja alikuwa anarekodi kwa simu ya matroni, nimeomba nitumiwe. Bando likiruhusu nitaleta majibu leo usiku.

Mama Pacha

Samahani naingilia, mimi ni nesi, sheria zenu sizijui. Huyo mtoto mwenye jino kapelekwa kwa daktari wa meno au mmeishia kumsukutua maji ya chumvi? Jino lililolegea lisichezewe kwa ulimi wala kidole, ale vitu laini na akaonwe mapema. Na siku nyingine likidondoka kabisa (naomba walimu wote wa michezo mlikariri hili) mnalishika upande wa juu ule unaotafunia, siyo kwenye mzizi, msilisugue, mnaliweka kwenye maziwa, na mnawahi hospitali ndani ya saa moja. Maziwa ya pakiti dukani yapo, hamna kisingizio.

Halafu kichwa. Watoto wawili wamegongana kwa mwendo, je, mlimuuliza kama anaona vizuri, anasikia kichefuchefu, anajua yuko wapi? Akiwa na dalili yoyote hachezi tena siku hiyo hata akisema yuko sawa. Watoto wanadanganya ili wacheze.

Mwalimu Vumbi

Mama Pacha asante sana, kaonwa leo asubuhi, daktari kamwambia litashika lenyewe. Kichwa tulimuuliza. Ila nakiri ya maziwa sikuijua.

Kocha Kizota

Mnazunguka mbuyu wote huo wakati sheria inajulikana, mkimbiaji anapofika homu LAZIMA AJITELEZESHE. Asiposlaidi ni autu. Hakuslaidi, kwa hiyo autu. Nimefundisha huu mchezo najua ninachosema.

Ampaya wa Jioni

Kocha Kizota heshima yako mkuu lakini hiyo ndo imani potofu namba moja ya huu mchezo, hata Marekani kwenyewe wanaiamini wengi. Hakuna sehemu kwenye sheria za softiboli inayomlazimisha mkimbiaji kuslaidi. Inachosema ni kwamba asimvae mlinzi mwenye mpira akiwa wima. Namna ya kukwepa achague mwenyewe, aslaidi, apite pembeni, asimame, arudi alikotoka. Akipita pembeni aangalie tu asitoke zaidi ya futi tatu kwenye mstari wake kukwepa kuguswa na mpira, hiyo ni kama hatua moja ndefu, akizidisha ni autu kwa kosa lingine.

Kuna mashindano yanajiwekea kanuni zao juu ya hapo. Ligi za watoto za Little League kwa mfano, wale wadogo kutanguliza kichwa kwenye slaidi wakati unakwenda mbele ni autu, isipokuwa wakati wa kurudi beisi. Labda ulifundishwa na mtu aliyetoka kwenye utaratibu wa namna hiyo. Lakini "lazima uslaidi" kama sheria ya jumla, haipo.

Binti Kondoa

Na mtu atakayemlazimisha binti aslaidi kwenye viwanja vyetu aje kwanza aslaidi yeye tumuone. Kocha Kizota ardhi ya Dodoma unaijua wewe? Kiangazi ile ardhi inakuwa kama sakafu ya saruji iliyomwagiwa changarawe. Nimecheza ketcha miaka minne, goti langu la kushoto lina ramani ya mkoa mzima. Wasichana wengi hawaslaidi siyo kwa kiburi, wanaogopa kuchunika, halafu kesho yake sketi ya shule inagandana na kidonda. Kwa hiyo wanakuja wima, na wakija wima ndo wanagonga. Hapo ndo pa kuanzia.

Sisi kocha wetu alikuwa anatupeleka korongoni. Kipindi cha ukame mto ni mchanga mtupu, laini, umejaa. Tulikuwa tunaslaidi pale jioni nzima bila kuumia, kwa makalio na mguu mmoja umekunjwa chini ya mwingine, mikono juu usijivunje kiganja. Ukishazoea mchanga, siku ya mechi ukivaa leggingi nene chini mwili unafanya wenyewe.

Sasa kuhusu ketcha, Mwalimu Vumbi naomba nimtetee kidogo huyo mtoto. Ukiwa pale mpira unatoka fastibesi kuja homu, macho yako yote yako kwenye mpira, mkimbiaji anatokea upande wa kushoto humuoni, unasikia miguu tu. Unajikuta umesogea njiani bila kujua. Kwa hiyo ketcha afundishwe sehemu ya kusimama KABLA, asimame mbele ya homu upande wa uwanjani, aache homu ionekane wazi kwa anayekuja, adake kwanza, halafu ndo ageuke azibe na aguse. Dakaaa, ndo ugeuke. Mimi nilikuwa najisemea kwa sauti. Ukigeuka kabla ya kudaka umefanya makosa mawili kwa mpigo, unazuia njia na mpira wenyewe unakuponyoka, kama ulivyomponyoka huyo.

Zabibu Chungu

Sa ngoja, naanza kunogewa na huu uzi. Kwa hiyo kama mlinzi hana mpira, mkimbiaji anaruhusiwa kumfagia? Mi nikiwa nakimbia nikakuta mtu hana mpira namlamba chini kihalali?

Ampaya wa Jioni

Hapana hapana hapana. Kosa la mwenzio halikupi leseni. Unapewa beisi yako, hupewi ruhusa ya kuvunja mtu. Ukimvaa kwa makusudi na kwa nia mbaya unatolewa nje hata kama yeye ndiye aliyeziba njia. Kwenye sheria za sekondari za Marekani wamekwenda mbali zaidi, kugonga kwa nia mbaya kunafuta hata lile kosa la kuzuia, unakuwa autu na nje unatoka. Kwa hiyo refa wa Mwalimu Vumbi kumtoa binti nje kunategemea alivaa vipi, siyo kwamba kagonga tu.

Na usisahau nilichosema juu kuhusu mpira uliotoka kwenye gongo, hapo ndo wengi wanaliwa. Mfano mkimbiaji yuko beisi ya pili, mpira unapigwa wa chini kwenda kwa shotistopu (mlinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu), shotistopu hana mpira bado. Mkimbiaji anajiambia "hana mpira, njia yangu" anampitia. Autu! Kwa sababu mpira ule umetoka kwenye gongo, na mlinzi anayeuendea ana haki ya kuufikia bila kusumbuliwa. Haijalishi ulikusudia au hukukusudia. Haijalishi hata kama hukumgusa, ukimfanya asite tu ni kosa. Mpira unakufa palepale, wewe autu, mpigaji anakwenda beisi ya kwanza, wengine wanarudi walikokuwa. Na ampaya akiona umefanya ili kuharibu wasipate autu mbili, anamtoa na mwenzako.

Wakiwa walinzi wawili wanaukimbilia mpira mmoja, anayelindwa ni mmoja tu, yule ampaya anayemuona ndo wa kuudaka. Yule wa pili akizibana na mkimbiaji ni mtu aliyeko njiani kama wengine.

Tofauti na hapo ni mpira uliorushwa na mlinzi mwenzake. Ule haumpi anayeusubiri haki ya njia.

Boom Halijatoka

Ongezea ishara mkuu, maana wachezaji wengi wanasimama katikati ya mchezo wakidhani filimbi imepigwa.

Ampaya wa Jioni

Kweli. Kwenye kuzuia mpira HAUFI. Ampaya ananyoosha mkono wa kushoto pembeni, ngumi imefungwa, na mchezo unaendelea, watu wakimbie tu. Ikiisha ndo anasimamisha na kugawa haki, mkimbiaji anapewa beisi ambayo angeifika kama asingezuiwa, na katikati ya zile beisi mbili alipozuiwa hatolewi autu kwa kuguswa na mpira. Ila bado anatakiwa agusie beisi zake, na yeye akija kumsumbua mlinzi huko mbele kinga imekwisha.

Kuna na mchezo mchafu wa kumzuga mkimbiaji, huna mpira lakini unashusha glovu kama unamgusa ili aslaidi bure. Hiyo nayo ni kuzuia. Nimeona binti kajichuna paja zima kwa mzugo wa namna hiyo, na aliyezuga anacheka.

Mzee wa Kipilefti

Hiyo ya mwisho ni sawa na yule anayewasha indiketa ya kulia halafu anakata kushoto. Alaaniwe.

Kocha Kizota

Sawa nimesoma. Ya kuslaidi nakubali nilipewa hivyo na mimi nikaipokea bila kuhoji. Ila bado nasema mtoto akislaidi vizuri anaumia kidogo kuliko akigongana. Hiyo msinibishie.

Binti Kondoa

Hiyo hakuna anayekubishia kaka. Aslaidi kwa kuwa kafundishwa na kwa kuwa kiwanja kinaruhusu. Beisi zenyewe mnatumia nini? Kuna shule moja nilicheza beisi ya pili ilikuwa kipande cha mbao kimepigiliwa misumari mirefu chini. Ukislaidi pale kifundo kinabaki na mbao inabaki. Wenzetu wana beisi za kung'oka ukizigonga kwa nguvu, tangu miaka ya 80 kule Michigan walishafuatilia wakaona majeraha ya kuslaidi yanapungua sana. Sisi hatuna hizo lakini gunia lililojazwa mchanga kidogo na kushonwa linasogea, halivunji mtu.

Mwalimu Vumbi

Wakuu video imefika. Nimeiangalia mara kama ishirini, nimeipunguza mwendo mpaka simu ikapata moto.

Ukweli ni huu. Ketcha wao alishaingia njiani tangu mpira unatoka mkononi kwa fastibesi. Wanagongana mpira bado uko hewani, kama hatua mbili kufika, ulimgonga kwenye kinga ya mguu ndo ukaenda kwenye mwarobaini. Hakuwahi kuushika. Kwa hiyo kwa maelezo ya Ampaya wa Jioni ilikuwa kuzuia na mkimbio ulikuwa halali. Nilianza kushangilia peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Halafu nikaangalia tena upande wa binti yangu. Hakuinamisha bega. Hatua ya mwisho kabisa ndo anaweka viwiko mbele ya kifua. Lakini kichwa chake wakuu, kichwa kimegeukia nyuma. Ananiangalia MIMI. Mimi niko pale beisi ya tatu napunga mikono kama nafukuza kunguru "kimbia kimbia", yeye anakimbia huku ananitazama, anakuja kumuona ketcha kabakiza mita moja. Na nyuma ya homu hakuna mtu wa kumuonyesha aslaidi au apite wima. Gongo la mpigaji liko palepale chini hatua tatu kutoka homu, bahati tu hakulikanyaga.

Ampaya wa Jioni

Asante kwa kusema ukweli, wengi wangeikata video ikaishia pale kwenye kuzuia.

Kwa hiyo hukumu yangu, mkimbio halali, binti asingetolewa, viwiko vya sekunde ya mwisho ni kujikinga. Lakini pale nyuma ya homu lazima awepo yule anayesubiri zamu ya kupiga, anakimbilia upande ambao mkimbiaji anamuona mbele yake, mikono miwili chini ni slaidi, mikono juu ni njoo wima. Na yeye ndo anaondoa gongo kwanza. Kocha wa beisi ya tatu kazi yako inaishia pale mkimbiaji anapokupita, baada ya hapo nyamaza, ukiita atageuka, mtoto yeyote akiitwa na mwalimu anageuka.

Binti Kondoa

Hiyo sentensi ya mwisho ibandikwe ukutani ofisi zote za walimu wa michezo.

Mzee wa Kipilefti

Nilijua. Mwanangu hongera, si kila dereva anakubali kwamba honi ndiyo iliyomchanganya mwenzake.

Zabibu Chungu

Sasa mechi inarudiwa au jino limekwenda bure? Maana mimi nimeshakuwa shabiki, nataka kuja.

Mwalimu Vumbi

Inarudiwa, Jumamosi saa mbili asubuhi kabla upepo haujaanza kubeba kiwanja. Nimempigia yule mwalimu aliyetoka kwenye grupu, nikamwambia nimeona video, mkimbio ulikuwa wetu lakini mgongano nimeutengeneza mimi. Kanyamaza muda mrefu halafu akaniuliza kwa hiyo ni sare au siyo sare. Tumekubaliana tunaanza upya sifuri sifuri.

Ila nina swali la mwisho Ampaya wa Jioni. Beisi ya kwanza nako wanagongana sana, fastibesi anaweka mguu na mkimbiaji anakanyaga kisigino chake. Nasikia kuna beisi ya rangi mbili?

Ampaya wa Jioni

Ipo, na kimataifa ndo wanayotumia kwenye softiboli. Ni beisi mbili zimeunganishwa, nyeupe iko ndani ya uwanja, ya chungwa iko nje ya mstari. Mpigaji akikimbia na wanajaribu kumtoa pale, anakanyaga ya chungwa, fastibesi anatumia nyeupe. Kila mtu na ya kwake, visigino vinapona. Akishaipita na akarudi kukaa, anatumia nyeupe kama kawaida. Na chora ule mstari wa pembeni, nusu ya mwisho ya kwenda beisi ya kwanza, yaani kutoka mita 9 na kitu mpaka mita 18 na kitu, njia ya upana wa futi tatu nje ya mstari wa uwanja. Mkimbiaji apite humo, mpira unaorushwa kutoka homu usimkute mgongoni. Majivu yanatosha kuchorea.

Mwalimu Vumbi

Turubai la chungwa nimelipata Majengo, kipande tu, fundi viatu kasema atalishonea kwenye gunia kesho jioni. Mstari nitachora na majivu ya jikoni ya shule, mpishi kaniuliza mara mbili nayapeleka wapi.

Binti Kondoa

Yachore asubuhi ileile mwalimu, ukichora Ijumaa jioni Jumamosi utayakuta Ihumwa.